Midomo Nyuma ya Kitambaa

Ukitaka kuzungumza na mimi, njoo mbele yangu, simama penye mwanga, na mkono usiuweke mdomoni. Usinipigie kelele. Kelele hazinisaidii kitu, zinakukunja uso tu, na uso uliokunjwa hausomeki. Wajukuu zangu wanaijua sheria hiyo tangu wakiwa wadogo. Mhubiri wa kanisani kwetu, ambaye hupenda kuongea huku ameinamia kitabu, nimeshamwambia kwamba siku akiinua kichwa nitaanza kuokoka. Watu husema nina ulimi mkali. Ni kweli, na sikuzaliwa nao. Niliupata Nakuru, katika wodi ya wagonjwa wa kifua, miaka ya hamsini, nikiwa mama wa mtoto mmoja ambaye alikuwa bado hajaota meno yote.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Tulikaa kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizopangwa safu, na nikaolewa hapohapo na mtu wa reli vilevile, ambaye kazi ilimweka upande wa Eldoret na kumleta nyumbani mara moja moja. Nyumbani tulisema Kiluhya. Lakini mlango wa kulia walikuwa Wajaluo, wa kushoto Wakamba, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi Kalasinga mwenye watoto wengi kuliko sisi sote, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa kama bomba la maji la pale uani, kila mtu alichota. Nilikua nikisikia lugha nyingi kwa wakati mmoja, na masikio yangu yalikuwa mazuri. Nilikuwa nikijua treni ya mizigo na ya abiria kwa mlio tu, kabla haijafika stesheni.

Kikohozi kilinianza msimu wa vumbi. Nakuru ya wakati ule ilikuwa vumbi tupu. Upepo ukitoka ziwani ulibeba unga mweupe wa magadi ukauingiza mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa, na kila mtu alikohoa, kwa hiyo hakuna aliyenishangaa. Nilipotema damu kwenye nguo ya mtoto, mama yangu ndiye aliyeona. Alimtoa mtoto mgongoni mwangu, akamfunga mgongoni mwake, akanishika mkono tukaenda hospitali kwa miguu. Sikumbeba tena yule mtoto mpaka alipokuwa anakimbia.

Wodi yenyewe ilikuwa imejengwa peke yake, mbali na nyingine, kwenye mwinuko. Nyuma yetu kulikuwa na mlima Menengai, mbele ziwa na ukingo wake wa pinki wa ndege heroe. Upande mmoja kulikuwa na veranda iliyo wazi, maana waliamini upepo ni dawa, hata ule wa vumbi. Upande wa barabara kulikuwa na dirisha kubwa la kioo ambalo halikufunguliwa kamwe. Hilo ndilo lilikuwa dirisha la wageni. Jamaa za wagonjwa hawakuruhusiwa kuingia. Walisimama nje kwenye kioo, mgonjwa akasimama ndani, na hapo kila mtu akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na bado wakasikilizana nusu tu. Mwisho wake walikuwa wakionyeshana vitu kwa vidole: ng'ombe mwenye mimba, mtoto aliyeota jino, ndizi zilizoachwa kwa mlinzi.

Na wahudumu wote walifunika midomo. Siku hizi wanaiita barakoa, ni kitu chepesi, unakivaa unakitupa. Yetu ilikuwa pamba nzito, tabaka juu ya tabaka, yenye kamba za kufunga kisogoni, na kila siku zilichemshwa zikaanikwa uani kama nepi. Dresa, yule msaidizi wa daktari aliyetuhudumia kila asubuhi, alivaa, sista mzungu alivaa, daktari alivaa, hata mzee aliyepiga deki alivaa. Sikuwalaumu kwa hilo na siwalaumu leo. Dresa aliyekuwepo kabla ya huyu wetu alikuwa amelazwa wodi ya wanaume, anakohoa kama sisi. Mtu ana haki ya kujikinga na kifua changu.

Dawa ilikuwa sindano. Ilikuwa mpya nchini na watu waliizungumzia kwa heshima, maana kabla yake watu wa kifua walikwenda kwenye wodi ile kungoja siku zao. Nilichomwa kila asubuhi mpaka kukalia kiti ikawa kazi. Lakini ilifanya kazi. Damu ilikoma, homa ikaniacha, nikaanza kumaliza uji wangu na kutazama wa jirani. Kisha masikio yakaanza kuvuma. Mimi mtoto wa reli nilifikiri ni injini imesimama stesheni inatoa mvuke, nikawa nangoja iondoke. Haikuondoka. Ndege wa asubuhi wakanyamaza kwanza, kisha vijiko, kisha watu. Na sakafu nayo ikaanza kuyumba, nikawa natembea nikishika vitanda, kitanda kwa kitanda, kama mlevi anayerudi nyumbani.

Nilijua kwamba yameisha siku mhudumu alipoangusha sinia la vikombe nyuma yangu. Wodi nzima iligeuka kutazama. Mimi niliendelea kuchana nywele. Nilipoona nyuso zote zinatazama nyuma ya bega langu, nikageuka, nikaona vipande vya vikombe vimetapakaa na chai inachirizika hadi miguuni pangu. Nilipanda kitandani nikajifunika shuka. Nililia, na hata kilio changu sikukisikia. Niliogopa sana, sioni haya kusema.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa mama wa Kikuyu, mchumaji wa maua ya pareto kutoka shamba la mzungu upande wa Subukia. Yeye ndiye aliyenivuta shuka. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, uso kwa uso, akaniambia kwamba ni sindano. Alikuwa ameona mwingine kabla yangu akipoteza masikio hivyohivyo. Nilikuwa nimemwelewa kabla sijajiuliza nimemwelewaje. Alipogeuka kutema kwenye mkebe wake, maneno yalikatika. Alipogeuka tena, yakarudi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa namsikia kwa macho, na pengine nilikuwa nikifanya hivyo kwa wiki nyingi bila kujua. Alikuwa na midomo mipana, isiyo na haraka, na meno yaliyoachana mbele. Mpaka leo sijapata kuona mdomo unaosomeka vizuri kuliko wake.

Kwa hiyo sikuwa nimepotea. Wagonjwa wenzangu nilizungumza nao bila shida, mradi wanitazame. Na kule dirishani nikawa mtu mkubwa. Wale waliokuwa na masikio mazima walipata nusu ya habari zao, mimi nilipata zote, maana kioo hakizuii mdomo. Mama yangu alikuwa akija na mtoto mgongoni na kuniambia mambo yote ya landi, nani amegombana na nani, nani amehamishwa, kwa sauti ya kawaida kabisa. Wengine waliona. Punde si punde mgonjwa akija kutembelewa ananivuta mkono, tunakwenda pamoja kwenye kioo, na ananiuliza, anasema nini? Nami namwambia. Mume anasema dada yako amejifungua. Kaka anasema mbuzi wameingia shambani. Kiziwi ndiye aliyekuwa sikio la wodi, na nilijisikia vizuri, nisikudanganye.

Hapohapo dirishani mwanangu alisema neno lake la kwanza. Mama alimnyanyua mpaka kwenye kioo, akanionyesha mimi kwa kidole, na ile midomo midogo ikafunga na kufunguka mara mbili. Sijawahi kusikia sauti ya mwanangu akisema neno lolote. Lakini hilo la kwanza nililiona, tena kabla ya mtu mwingine yeyote ndani ya wodi ile.

Waliofunika midomo ndio walionishinda. Nilibaki na macho yao tu. Watu hupenda kusema kwamba macho huongea, na hao hawajawahi kuyategemea. Macho yanaweza kukuambia kwamba mtu amekasirika, lakini hayakuambii amekasirikia nini. Nilimwambia dresa, sisikii. Kitambaa chake kikapanda na kushuka. Nikamwambia tena, sisikii. Kikapanda na kushuka kwa nguvu zaidi, nikajua sasa ananipigia kelele. Mara ya tatu alitupa mikono akaenda zake. Basi nikajisaidia kwa njia yangu. Raundi ya asubuhi ilikuwa na maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule: umekohoa, umekula, umekwenda choo, umelala. Nikawa najibu kwa zamu. Nimekohoa kidogo, nimekula, nimekwenda, nimelala. Ilinipitisha vizuri kwa muda mrefu, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Maana hebu angalia kile walichokiona wao. Wanamwona mwanamke anayepiga soga na jirani yake tangu asubuhi. Wanamwona dirishani akiwatafsiria wenzake maneno ya watu walio nje, ambayo hata wao walio na masikio hawayapati. Kisha sista akimwita kwa nyuma, hageuki. Akiambiwa asimame, anakaa. Anayumba anapotembea na hakuna pombe mle ndani. Na mwanamke huyohuyo anasema, sisikii. Sista alikuwa mtu wa sheria na usafi. Akaamua kwamba huyu anasikia akitaka.

Siku moja daktari alikuja wakati usio wake, na sista na dresa nyuma yake. Alikuwa mzungu mrefu, mwenye haraka, anayeinama kidogo milangoni. Alisimama miguuni mwa kitanda changu, kitambaa chake kikapanda na kushuka. Nilifikiri ni raundi. Nikajibu, nimekohoa kidogo. Akatazamana na sista. Kitambaa kikacheza tena. Nimekula, nikasema. Kikacheza. Nimekwenda choo, tena vizuri. Hapo dresa akainamisha kichwa, nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua nimekosea lakini sikujua wapi. Jirani yangu ndiye aliyenieleza walipoondoka. Daktari alikuwa ameuliza mahali hapa panaitwaje. Kisha akauliza nina watoto wangapi. Na lile la choo lilikuwa jibu la swali kuhusu jina la mume wangu.

Tulicheka, mimi na yeye, mpaka tukakohoa. Kisha akaacha kucheka kabla yangu. Aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Kwenye shamba lao, wakati wa msako wa Mau Mau, ile Hali ya Hatari, watu wote walipangwa mstari wapite mbele ya mtu aliyevishwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Lile gunia likitikisika hivi, unaachwa. Likitikisika vile, unapandishwa lori. Hakuna aliyejua ndani yake ni nani wala amesema nini. Mume wake alipandishwa lori. Ndiyo maana kila asubuhi dresa akija na kitambaa chake yeye hugeukia ukutani, akatoa tu mkono wa kupimwa, ingawa alijua wazi huyu ni kijana wa watu anayefanya kazi yake. Alisema, "Mtu amefunika uso, halafu anaamua juu yako. Usikubali hiyo kitu, mama. Mimi nilikubali, lakini wewe usikubali."

Habari yenyewe ililetwa na mama yangu, kwenye kioo. Siku hiyo hakuanza na mambo ya landi. Niliona midomo yake imekauka. Kisha akasema dresa amemwita kando langoni na kumweleza. "Wanasema kichwa yako imeharibika. Wanataka kukupeleka Nairobi, kwa hospitali ya wenda wazimu. Gari inakuja kesho kutwa."

Nilimwambia arudie, naye akarudia, neno kwa neno. Nyuma yake mtoto alikuwa anavuta kilemba chake. Kila mtu wa Nakuru alijua habari za mahali pale pa Nairobi. Palikuwa na mlango wa kuingilia tu. Jirani yetu mmoja wa landi alikuwa amempeleka dada yake huko kwa sababu ya kifafa, na watoto wa yule dada walikua wakimwita shangazi yao mama. Nilimtazama mwanangu nikaelewa ni nini hasa kinachotaka kuchukuliwa. Kifua kingenirudisha kwake, polepole, kwa sababu kilikuwa kinapona. Wazimu usingenirudisha, kwa sababu sikuwa nao, na ugonjwa usiokuwa nao huwezi kupona.

Sikulia safari hii. Nilipandwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo maishani, na ninamshukuru Mungu kwayo. Nilikuwa nimelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa na kusema ndiyo hata pale nisipoelewa, na kumbe ile "ndiyo, ndiyo" yangu ndiyo iliyonifikisha hapo. Kila nilipojibu swali nisilolisikia nilikuwa ninawasaidia. Na nikafikiri jambo jingine, ambalo bado linanichoma. Labda waliniambia. Labda siku moja, masikio yakiwa yanakwisha, daktari alisimama pale akanieleza yote, kwamba dawa hii huokoa kifua na kula masikio, je, unakubali? Na mimi nikajibu, nimelala vizuri.

Nikaamua kwamba kuanzia hapo hakuna mdomo uliofunikwa utakaopata jibu kutoka kwangu. Asubuhi iliyofuata dresa alipokuja nilichukua leso yangu nikajifunga mdomo, fundo kisogoni, kama wao. Akauliza alichouliza. Nikamjibu nyuma ya leso, kwa kunong'ona, Kiluhya, mambo marefu kuhusu mama yake na baba yake. Akasogeza sikio. Nikanong'ona zaidi. Alikunja uso, akatazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza niliona macho ya mtu mwenye masikio yakitafuta mdomo. Jirani yangu alikuwa amejifunika shuka na kitanda chake kinatikisika. Sista alipopita akaiona ile leso, macho yake yakalainika, akanipigapiga bega. Alidhani hatimaye nimejifunza usafi.

Sindano nayo nilikataa. Nilikalia mahali wanapochoma, kwa maana halisi, nikashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Jirani yangu alinigombeza kwa hilo. Alisema nitarudi kutema damu, na hapo mtoto nitamrudiaje. Nilijua anasema kweli na niliogopa, lakini sikuachia kile chuma. Kwao ukawa ushahidi mwingine wa wazimu.

Siku ya gari mama alifika mapema na mtoto, akasimama mahali pake kwenye kioo. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Nilielewa kwamba amekuja kuniaga, na kwamba hataki nione hivyo. Daktari aliingia na sista. Dresa alikuwa ameshika bunda la nguo zangu. Sista akanishika mkono, kwa upole kabisa, kitambaa chake kikipanda na kushuka, nikajua ananieleza mambo mazuri kuhusu safari.

Niliuvuta mkono wangu. Nilishuka kitandani nikaenda dirishani, kitanda kwa kitanda, nikiyumba mbele ya wote, na sikujali. Nilipofika niligeuka nikaegemea kioo ili nisianguke. Sijui sauti yangu ilikuwa kubwa kiasi gani. Jirani yangu aliniambia baadaye kwamba hata wanaume wa wodi ya pili walitoka kutazama.

"Daktari," nikasema, "mimi si mwenda wazimu. Mimi ni kiziwi, na ni dawa yenu imenifanya hivyo. Ninasikia kwa kuona mdomo. Kitambaa usikitoe humu ndani, nina ugonjwa. Toka nje, simama pale mama yangu amesimama, kivue, halafu uniulize chochote unachotaka. Nikikosa kujibu, mimi mwenyewe nitapanda gari."

Kitambaa cha sista kikaanza kwenda kasi. Ndipo nikamwona jirani yangu, yule ambaye kila asubuhi aligeukia ukutani, ameketi wima anamtazama daktari usoni. Alimwambia ni kweli, huyu ndiye anatusomea watu wetu dirishani. Na mwanamke wa kitanda cha pembeni akasema ni kweli. Na mwingine. Sikuwasikia, lakini niliona midomo ikifunguka, moja baada ya nyingine, upande huu na upande ule, na hakuna hata mmoja uliokuwa umefunikwa. Daktari akageuka akatoka. Nilifikiri amekwenda kuleta watu wa kunibeba.

Alitokea nje, upande wa kioo. Alimwonyesha mama kwa mkono kwamba asogee. Mama hakusogea. Basi akajibanza hapo pembeni yake, miguu ndani ya maua ya sista, akafungua kamba za kisogoni, akashusha kitambaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu yule akiwa na mdomo. Na maskini mimi, alikuwa na masharubu, mengi, ya rangi ya majani makavu, yamefunika mdomo wote wa juu. Alisema kitu nikaona majani tu yanacheza. Nikamwonyesha kwa kidole, yapandishe. Hakuelewa. Nikajishika mdomo wangu wa juu nikauinua. Daktari wa serikali akayashika masharubu yake kwa vidole viwili, akayainua, na mama yangu akageuza uso upande wa ziwa.

Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani, cha kuamrisha, lakini midomo yake ilikitamka polepole. Aliuliza, "Hapa iko wapi?" Nikamjibu, Nakuru, wodi ya kifua, na umekanyaga maua ya watu. Aliuliza kuhusu mtoto. Nikamwambia ni mmoja, na huyo hapo mgongoni kwa mama yangu, anakuvuta koti. Akageuka akaona ni kweli. Akauliza kwa nini siku ile nilijibu vibaya. Nikamwambia, "Hukuniuliza kitu. Ulichezesha kitambaa."

Alitazama maua chini ya viatu vyake. Kisha akasema, "Wewe hapana kwenda Nairobi."

Nilishika fremu ya dirisha. Mama, ambaye alimsikia, alifunika uso kwa mikono, halafu akakumbuka, akaiondoa haraka ili nimwone. Lakini daktari alikuwa hajamaliza. Alisema sindano itasimama, kwamba kuna vidonge, kwamba kifua bado kinaweza kupona. Na kuhusu masikio, akasema hayarudi. Alisema hivyo akinitazama, vidole vyake bado vimeshika masharubu. Kioo kilikuwa katikati yetu, na ndani ya wodi ile hakuna aliyepata neno hilo isipokuwa mimi. Niliumia. Nilikuwa nimeshajua, lakini kujua ni kitu kimoja na kuambiwa ni kingine. Hata hivyo nilikuwa nimeambiwa, usoni, na mtu mwenye mdomo, kama anavyoambiwa mtu mzima mwenye akili zake. Akaniuliza kama nitakunywa vidonge. Nikamwambia nitakunywa, na kwamba kuanzia leo mwenye jambo na mimi atakuja kunieleza hapa.

Niligeuka. Wodi nzima ilikuwa imekaa wima inanitazama, na kila mdomo uliuliza swali letu la siku zote, anasema nini? Nikawaambia siendi Nairobi. Habari ya masikio nilijiwekea mwenyewe. Jirani yangu alijipangusa macho kwa pembe ya shuka.

Ndipo sista akanigusa bega. Kitambaa chake kikapanda na kushuka, kikapanda na kushuka. Nilimtazama nikangoja. Jirani yangu akatafsiri kutoka kitandani kwake: "Anauliza daktari amesema nini."

Nikanyoosha mkono nikamwonyesha mlango.

Uso wake ulikuwa umeiva juu ya kile kitambaa. Kisha akatoka, nikaona kofia yake nyeupe ikipita nyuma ya kioo, ikampita daktari, ikampita mama yangu, ikasimama mbele yangu. Akafungua kamba. Alikuwa msichana. Alikuwa rika langu, pengine mdogo kwangu, midomo yake imepasukapasuka kwa vumbi la Nakuru kama yetu sote. Aliiuma, akaiachia.

"Samahani, mama," akasema.

Nilikuwa nimemwelewa vizuri kabisa. Nikamwambia arudie.